Shemeji amenunua transfoma na pawabenki kwa ajili ya safari, nami nahofia mashine ya mama mkwe

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa nikiisoma safu yako kwa muda mrefu, na namna unavyowasikiliza watu bila kuwahukumu ndiyo iliyonipa moyo wa kukuandikia kuhusu jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, ingawa mimi linaninyima raha kabisa.

Mwezi ujao tunasafiri kwa ndege kwenda nchi ya mbali kumtembelea wifi yangu, ambaye ndiye kifungua mimba katika familia ya mume wangu. Tutakuwa wanne: mimi, mume wangu, mdogo wake wa kiume na mama mkwe. Safari ni ya usiku kucha, na njiani tutabadilisha ndege. Umeme wa kwetu ni wa volti 230, na wa huko tuendako ni wa volti 120, tena hata matundu ya soketi zao hayafanani na yetu.

Mama mkwe ana tatizo la kukatika pumzi akiwa usingizini. Kila usiku hulala amevaa kinyago kilichounganishwa kwa bomba na mashine inayomsukumia hewa, na daktari wake amemsisitizia asilale bila mashine hiyo. Mimi ndiye ninayeisafisha, ninayejaza maji kwenye kitangi chake kila jioni na ninayehakikisha imechomekwa vizuri kabla mama hajalala. Nasema haya ili uelewe kwa nini jambo hili nimelibeba moyoni.

Shemeji yangu ni mtu mkarimu na anampenda sana mama yake. Kwa ajili ya safari amenunua transfoma ndogo inayoenea kwenye kiganja cha mkono, iliyoandikwa kwamba inahimili wati 1,600, na anataka vifaa vyetu vyote, pamoja na mashine ya mama, vichomekwe humo ili vipate umeme vilivyouzoea. Amenunua pia pawabenki kubwa iliyoandikwa miliampea-saa 50,000, na kwa kuwa ni nzito anataka tuiweke kwenye sanduku kubwa litakalokwenda chini ya ndege. Zaidi ya hayo, anataka tubebe ekstensheni ya nyumbani yenye matundu mengi ili simu, kompyuta na mashine ya mama vitumie soketi moja.

Nilipoigeuza chaja ya mashine ya mama niliona imeandikwa 100–240V, nikasema mbele ya wote kwamba nadhani haihitaji transfoma. Shemeji alicheka akasema kwamba amehangaika na mambo ya umeme kabla mimi sijaingia katika familia ile. Mume wangu aliniambia baadaye nimwache ndugu yake, kwa kuwa ameonyesha moyo mzuri na hakuna haja ya kumvunjia heshima. Mama mwenyewe alikaa kimya.

Nami nina kompyuta mpakato ya ofisini yenye mafaili ya wateja. Mume wangu anasema tutachaji kila kitu kwenye matundu ya USB ya uwanja wa ndege, lakini nimesikia kwamba wezi wanaweza kuchota taarifa za mtu kupitia matundu hayo.

Nimefikiria kunyamaza na kubeba adapta yangu kwa siri. Nimefikiria pia kumpigia wifi simu ili yeye ndiye aseme. Naogopa kuonekana mkaza mwana anayejifanya mjuzi, lakini naogopa zaidi mashine ikiungua ugenini, tena usiku, ilhali nilijua na sikusema. Nifanye nini?

Mkaza Mwana Mwenye Wasiwasi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Jambo lako si dogo hata kidogo. Mtu anayesafisha mashine ya kupumulia ya mzee kila siku ana haki ya kuuliza itachomekwa wapi na kwa kitu gani, na sidhani kwamba kuuliza hivyo ni kumvunjia mtu heshima.

Nikikuelewa vizuri, umebeba maswali mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni la umeme na betri, nalo lina majibu ambayo kwa sehemu kubwa yameandikwa kwenye vifaa vyenyewe. La pili ni nani mwenye kauli katika familia uliyoolewa, na hilo halijaandikwa popote. Naona kwamba siku ile mlipokaa pamoja, swali la pili lilimeza la kwanza, kwa hiyo niruhusu niyatenganishe.

Chaja iliyoandikwa 100–240V, na kando yake 50/60Hz, imetengenezwa kupokea umeme wa karibu kila nchi duniani na kuugeuza yenyewe. Chaja za simu na za kompyuta mpakato za siku hizi ziko hivyo pia, ila usiniamini mimi, soma moja moja penye neno INPUT. Chaja ya namna hiyo huhitaji adapta tu, yaani kile kifaa kinachobadilisha umbo la miguu ya plagi na kisichogusa volti hata kidogo. Kwa hiyo ulichosoma ulikisoma sawasawa.

Transfoma ya shemeji yako inahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Vifaa vidogo na vyepesi vinavyodai kuhimili wati 1,600 mara nyingi si transfoma kamili. Ni saketi zinazokatakata mkondo wa umeme, na kwa kawaida hutengenezwa kwa ajili ya kushusha volti 220 au 240 ili zitumiwe na vifaa vya kutoa joto, kama pasi na kikausha nywele. Maelezo yanayokuja navyo kwa kawaida huonya visitumiwe na vifaa vya kielektroniki, kwa sababu umeme uliokatwa hivyo unaweza kuharibu chaja na saketi za ndani. Ninyi mnatoka kwenye volti 230 kwenda kwenye volti 120, kwa hiyo ambacho kingewafaa, kama mngekuwa na kifaa kisichokubali volti 120, ni cha kupandisha wala si cha kushusha. Transfoma halisi ya kupandisha yenye uwezo wa wati 1,600 hujengwa kwa chuma na nyaya za shaba, na uzito wake ni wa kilo kadhaa, haienei kiganjani. Sijakiona kifaa chenyewe, kwa hiyo sikihukumu. Kigeuzeni msome upande wa kuingiza na upande wa kutoa, kisha mjiulize kama kinaelekea mnakokwenda ninyi au anakokwenda msafiri mwingine.

Kuna jambo ambalo watu wengi hulikosea. Ukichomeka kikausha nywele cha volti 230 kwenye umeme wa volti 120, hakiungui. Kitapuliza kwa udhaifu tu, kwa karibu robo ya nguvu zake. Hatari iko mkirudi. Mtu akinunua huko pasi ya volti 120 akaja kuichomeka nyumbani, itavuta karibu mara nne ya nguvu iliyokusudiwa, na hapo kuungua ni jambo la sekunde chache. Mkumbushane hilo kabla ya kununua zawadi.

Kwenye ekstensheni naomba nimtetee shemeji yako, kwa maana umeiweka katika kundi moja na mengine bila kuipima. Mashine ya mama, kompyuta moja na simu chache kwa pamoja hazivuti zaidi ya wati mia mbili na ushee, ambazo kwenye volti 120 ni takriban ampea 2, na adapta nzuri hubeba ampea 6 au 10 bila shida. Ugenini soketi huwa mbali na kitanda, kwa hiyo wazo lake lina manufaa. Masharti ni kwamba pasi, birika na kitu chochote cha joto kisichomekwe humo, na kwamba ikiwa ekstensheni ina mguu wa ethi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, adapta nayo iwe na ethi, la sivyo kinga hiyo inapotea. Kama ekstensheni ina kinga ya umeme unaoruka, jua kwamba kinga iliyopimwa kwa volti 230 hukawia kufanya kazi kwenye volti 120, hivyo msiitegemee.

Kuhusu pawabenki siwezi kuwa mpole kiasi hicho. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinakataza kuweka pawabenki katika mzigo unaopakiwa chini ya ndege, iwe kubwa au ndogo. Betri ya lithiamu ikipata shoti, ikigongwa au ikiwa na kasoro ya ndani, inaweza kuanza kujipasha moto yenyewe, seli moja ikiwasha nyingine, na mfumo wa kuzima moto ulioko kwenye sehemu ya mizigo hauna uhakika wa kuusimamisha mfululizo huo. Ndani ya kabini wahudumu huuona moshi mapema, huzima miali na kuipooza betri kwa maji. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliwaka moto ikiwa bado ardhini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini. Watu wote 176 waliokuwamo walitolewa wakiwa hai, na wachunguzi walieleza kwamba huenda chanzo kilikuwa pawabenki. Tangu Machi mwaka huohuo nchi hiyo imewataka abiria wakae na pawabenki karibu nao badala ya kuziweka kwenye kabati la juu. Mashirika kadhaa yameongeza masharti yake, na mengine hayaruhusu hata kuitumia mkiwa angani.

Sasa fanyeni hesabu pamoja. Zidisha miliampea-saa kwa 3.7, ambayo ndiyo volti ya kawaida ya seli za lithiamu, kisha gawanya kwa 1,000, utapata wati-saa. Pawabenki ya 20,000 inatoa wati-saa 74, ambayo hupita bila ruhusa maalumu kwa kuwa mpaka ni 100. Kati ya 100 na 160 mnahitaji kibali cha shirika la ndege. Zaidi ya 160 haibebwi na abiria kabisa. Ya shemeji yako, 50,000, inafika 185. Kama namba hiyo ni ya kweli, haiwezi kupanda ndege. Na kama si ya kweli, basi mtengenezaji ameandika uongo juu ya kifaa kinachobeba moto, na mimi nisingependa kilale karibu na mama yenu. Nadhani hesabu hii ni njia ya heshima ya kuzungumza na shemeji, maana hapo namba ndizo zinazosema.

Hata pawabenki inayokubalika iwekwe kwenye kifuko chake, matundu yake yasigusane na funguo wala sarafu. Mkifika mlangoni mwa ndege mkaambiwa mkoba wa mkononi unapelekwa chini kwa kukosa nafasi, itoeni kwanza. Hapo ndipo watu wengi husahau. Na simu ikidondoka kati ya viti, msikisogeze kiti, mwiteni mhudumu, kwa sababu chuma cha kiti kinaweza kuiponda betri.

Mashine ya mama isafiri kabini pamoja naye. Mashirika mengi huihesabu kuwa kifaa cha tiba, nje ya mizigo ya kawaida ya mkononi, hasa ikiwa na barua ya daktari. Kwa kuwa mtasafiri usiku, ulizeni mapema kama ataruhusiwa kuitumia ndani ya ndege, maana mashirika mengi hutaka kuarifiwa saa 48 kabla, na soketi ya kwenye kiti haina uhakika. Kama mtahitaji betri ya mashine hiyo, ichaguliwe kwa maelekezo ya mtengenezaji, na wati-saa zake ziwe chini ya 100. Sehemu ya kupasha maji ndiyo inayokula umeme mwingi. Muulizeni daktari kama anaweza kulala usiku huo bila hiyo, betri idumu zaidi. Na kitangi kimwagwe kikauke kabla ya kufungwa mkobani, maji yasije yakaingia kwenye mota.

Kuhusu matundu ya USB, wizi wa namna uliyosikia ulionyeshwa kuwa unawezekana katika mkutano wa wataalamu wa usalama huko Las Vegas mwaka 2011, na mwaka 2023 ofisi ya FBI ya Denver iliwaonya watu kuuhusu. Hata hivyo, ushahidi wa wasafiri walioibiwa hivyo kwa kweli ni haba, na simu za sasa huuliza kabla ya kutoa taarifa zake. Ukitumia chaja yako kwenye soketi ya ukutani hofu hiyo inakwisha. Kwa kompyuta ya ofisi ningekuwa na wasiwasi zaidi wa kuisahau kwenye trei ya ukaguzi kuliko wa tundu la USB. Nakili mafaili kabla ya kuondoka, hakikisha diski imefungwa kwa usimbaji, yaani isisomeke bila nywila, na waulize waajiri wako kama wanakubali uvuke nayo mpaka.

Narudi kwenu ninyi watu wanne. Umeniambia shemeji alicheka, nawe ukachukulia kwamba anakudharau. Huenda ni kweli. Huenda pia ni mtu aliyetaka kumfanyia mama yake jambo jema, akasikia mbele ya ndugu zake kwamba hakulifanya vizuri. Mambo uliyosema yalikuwa sahihi, ila mahali uliposemea palimfunga. Kumwendea peke yake, chaja mkononi, na kumwomba mhesabu pamoja kunaweza kumpa nafasi ya kubadili mawazo bila kuona haya. Kunaweza pia kushindikana, nawe ujiandae kwa hilo.

Adapta ya siri itailinda mashine endapo wewe ndiye utakayeichomeka. Lakini fikiria usiku wa kwanza, umechoka umelala, shemeji akaichukua kamba kwa nia njema na kuiingiza kwenye transfoma yake. Siri haitamzuia, kwa sababu hajui kuna cha kuzuiwa. Kumpigia wifi simu kuna faida ya kweli: yeye anaishi na umeme wa huko, na adapta zinazofaa anaweza kuwa nazo tayari nyumbani. Ukimpigia kuuliza soketi zake zikoje, ni maandalizi ya safari. Ukimpigia kueleza nani alimcheka nani, yatakuwa mashtaka, na yatafika kabla yenu.

Mume wako amekuomba ulinde heshima ya ndugu yake, nami sioni ubaya katika ombi hilo. Nadhani bado hajaona kwamba suala ni pumzi ya mama yake. Umemweleza hivyo, mkiwa wawili, au umemweleza tu kuhusu transfoma?

Halafu yuko mama. Barua yako yote inamzungumzia, naye hajaulizwa chochote. Umechukulia kimya chake kuwa ni kutokujua au kutotaka ugomvi, lakini ndiye anayevaa kinyago kile kila usiku, na inawezekana kabisa kwamba ana maoni yake. Kumuuliza kuna hatari ya kumweka kati ya mwanawe na mkaza mwana wake, kwa hiyo swali lisiwe nani yuko sahihi. Muulize angependa mashine yake isafiri vipi, nani aishike, nani aichomeke. Akisema ni wewe, hutakuwa umejifanya mjuzi, maana mwenye mali atakuwa amesema. Akisema ni mwanawe, basi kazi yako itakuwa kuhakikisha mwanawe ameisoma ile chaja.

Kati ya njia hizi sikuchagulii, kwa sababu wewe ndiye unayewajua watu hawa na ndiye utakayerudi kuishi nao. Lililo la haraka ni simu kwa shirika la ndege, kwa kuwa masharti ya betri na ya mashine hutofautiana, na mnabadilisha ndege njiani. Uliza kwa ndege zote mbili. Na kama maandishi ya chaja yoyote yamefutika kiasi cha kutosomeka, msikisie, tafuteni namba ya modeli chini ya kifaa chenyewe na mumuulize mtengenezaji kabla hamjafunga masanduku.